Shajara ya kuajiri mtunza stoo bila kujuana

Duka letu ni la jumla, vifaa vya ujenzi, Nyakato hapa Mwanza: saruji, nondo, mabati, rangi, misumari na vile vikorokoro ambavyo fundi huvikumbuka siku ya kumwaga zege. Wafanyakazi hatufiki ishirini. Mtunza stoo wetu wa miaka yote anastaafu mwisho wa Machi, anarudi kwao Magu. Safari hii tajiri amekubali tumtafute mrithi kwa utaratibu ulioandikwa, tuachane na ule wa "kuna kijana wa shemeji yangu". Nitaandika kila hatua ikimalizika, ili mwenye biashara ya ukubwa huu achukue kinachomfaa. Ya kawaida nitayapita haraka. Palipokwama nitakaa.

## Jumatatu, 3 Februari 2025: Kazi yenyewe ni ipi

Rasimu ya kwanza ya maelezo ya kazi ilinakiliwa kwenye tangazo la kampuni kubwa: shahada ya ununuzi na ugavi, uzoefu wa miaka mitano, awe mbunifu, awe na haiba nzuri. Mhasibu aliisoma akauliza: na huyu anayestaafu, shahada yake ni ya nini? Mzee aliishia darasa la saba. Tukaichana.

Nikashinda stoo na mzee mwenyewe, daftari mkononi. Saa tatu asubuhi liliingia gari la nondo. Hati ya mzigo ilisema milimita 12, tani tatu, vipande 281. Hesabu hiyo ni sahihi kwenye karatasi: nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina kilo kama 10.66, hivyo tani moja ni vipande 93 na kitu. Mtu mwenye haraka angehesabu mafungu, akazidisha, akatia sahihi. Mzee alichuchumaa mbele ya ncha za fungu la kwanza na kipande cha chaki, akawa anagusa ncha moja moja kwa kidole, kila ya kumi anaipaka chaki.

"Mwanangu, fungu linaweza kusema uongo," aliniambia bila kugeuka. "Ncha haiwezi."

Zilikuwa 276. Aliandika 276 kwenye hati, akamwita dereva atie sahihi ubavuni mwa namba ile, ndipo naye akatia yake. Vipande vitano vya nondo ya 12 ni zaidi ya laki moja, na dereva hakuonekana kushangaa sana.

Jioni tulikuwa na mambo matano kwenye karatasi. Kuhesabu na kukagua kinachoingia. Kuandika kadi ya stoo na leja siku hiyohiyo. Kutoa mzigo kwa hati tu. Kupanga stoo ili saruji iliyotangulia kuingia itangulie kutoka, maana mfuko uliokaa miezi unapoteza nguvu, na ukipata unyevu unageuka jiwe. La tano mzee aliliongeza mwenyewe: kusema hapana kwa adabu. Elimu tukaandika kidato cha nne au cheti cha ufundi, na ajue kuzidisha na kugawanya bila kubabaika.

## Jumatano, 12 Februari: Tangazo

Limebandikwa mlangoni, kwenye ubao wa ofisi ya kata, limetumwa kwenye makundi ya WhatsApp, na nakala imepelekwa TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira.

Kwanza tuliweka namba ya simu ya mhasibu. Kufikia usiku alikuwa amezima simu. Tukanunua laini mpya, tukaandika "ujumbe tu", na sanduku la maombi likawekwa kwa mlinzi pamoja na daftari la kusaini, ili mtu asije akasema barua yake ilipotea.

Kilichotuumiza zaidi kilikuja siku chache baadaye. Binti mmoja alifika kaunta na ujumbe kwenye simu: hongera, umechaguliwa kwenye usaili, tuma 15,000 ya fomu kwa namba hii. Namba haikuwa yetu. Mtu alichukua tangazo letu kwenye kundi, akafuta namba, akaweka yake. Bahati nzuri huyu alikuja kuuliza kabla ya kutuma. Wengine huenda walituma. Tuliiripoti namba hiyo kwa 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, kisha tukaandika tangazo upya. Mstari wa kwanza, kwa herufi kubwa: HATUPOKEI HELA YA FOMU, YA USAILI WALA YA NAFASI. Chini yake, mahali duka lilipo, ili mwenye shaka aje aone kwa macho. Kama utachukua kitu kimoja kwenye ukurasa huu, chukua huo mstari.

Tulibishana pia juu ya viambatisho. Mtafuta kazi hapa kwetu anaingia gharama kubwa kabla hata hajaitwa: nakala za vyeti, muhuri wa wakili, picha za pasipoti, barua ya mwenyekiti wa mtaa, bahasha ya kaki, nauli. Halafu vyote hivyo vinakwenda kulala kwenye kabati la mtu ambaye hatavisoma. Tukaomba ukurasa mmoja tu: jina, simu, kazi ulizowahi kufanya na lini, na ujibu hesabu moja tuliyoiandika kwenye tangazo. Vyeti halisi ataleta atakayefika mwisho.

Tajiri alitaka barua iandikwe kwa mkono, kwa sababu anaamini mwandiko huonyesha tabia. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter, Wamarekani, walikusanya tafiti za miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi, na usomaji wa mwandiko uliangukia karibu na sifuri. Nilimweleza. Alinisikiliza, akasema bado anataka iandikwe kwa mkono. Tukakubaliana hivyo kwa sababu nyingine: leja yetu bado ni ya kalamu, na mwandiko usiosomeka ni hasara. Alama mbili kwa kusomeka, tabia tutaitafuta kwingine.

Mshahara haukutajwa. Tajiri alisema ukitajwa, majirani na wafanyakazi wengine nao watajua.

## Jumatatu, 24 Februari: Mchujo

Maombi 74. Kila moja lilipewa namba, karani akafunika jina kwa karatasi ya gundi, watu wawili tukasoma kila mmoja peke yake. Hapo palikuwa pepesi.

Pazito palikuwa fomu ya alama. Ilitoa alama moja kwa kila mwaka wa uzoefu wa stoo, na matokeo yake waliopanda juu wote walikuwa watu waliokaa stoo muda mrefu, wakiwamo wawili ambao barua zao hazikuonyesha kama waliwahi kushika leja. Walibeba na kupanga. Wakati huohuo mwanamke aliyetunza dawa za zahanati, mpishi wa shule ya bweni aliyekuwa na ufunguo wa stoo ya unga na maharage, na kondakta wa daladala walikuwa chini kabisa. Kondakta anafunga hesabu na tajiri wake kila usiku. Kama hiyo si stoo ya pesa, sijui ni nini.

Tulifuta miaka, tukaweka swali moja: amewahi kuwajibika kwa mali inayohesabiwa, na ikipungua anaulizwa yeye? Orodha ilibadilika sura. Tukaita wanane.

Kuhusu makaratasi: tangu 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi, na barua ya maombi ni taarifa binafsi tupu. Zimefungiwa kwenye droo moja yenye ufunguo mmoja, hakuna kupiga picha na kurusha kwenye kundi, na zoezi likiisha zinachomwa.

## Jumamosi, 8 Machi: Jaribio stoo

Hii ndiyo hatua niliyoitaka tangu mwanzo. Kila mmoja dakika arobaini, hati moja ya mzigo, na kazi moja: pokea huu mzigo kama vile umeshaajiriwa.

Mzigo tuliuandaa Ijumaa jioni na vibarua wawili. Kwenye fungu la nondo za 12 tulichomeka za milimita 10 nane. Hati ilisema mifuko ya saruji 60. Tuliweka 58, mmoja kati yake umeganda kona. Debe moja la rangi lilikuwa la mafuta badala ya maji. Ramadhani na Kwaresima mwaka huu zimegongana, nusu ya wasailiwa wamefunga, kwa hiyo tulianza saa mbili kasoro asubuhi ili jua lisimkute mtu juu ya mabati.

Jaribio lilivuja mapema sana. Aliyetangulia alipotoka alikwenda kukaa chini ya mwembe na wenzake, na baada ya muda nikamsikia mmoja akinong'ona, "Angalia nondo, kuna nyembamba." Simlaumu, ni uungwana. Lakini aliyefuata alikwenda moja kwa moja kwenye nondo bila hata kusoma hati. Tulisimama kidogo, tukaandaa mzigo wa pili wenye kasoro tofauti, tukawa tunabadilisha. Aliyemaliza akatokea mlango wa nyuma, akapewa nauli yake huko huko. Wale wawili wa kwanza tuliwarudishia mzigo mwingine mwishoni ili wote wawe sawa. Vibarua nao walikuwa wanavujisha kwa macho: msailiwa akikaribia mahali penye kasoro, wanaacha kuongea. Tukawapeleka kushusha mabati upande wa pili.

Nilichokiona, kwa ufupi. Mwenye shahada ya ugavi alikuwa na maelezo mazuri kuliko wote ya namna stoo inavyopaswa kuendeshwa, akahesabu mafungu, akazidisha, akatia sahihi. Namba 31, yule wa zahanati, hakuwahi kushika nondo. Alisimama mbele ya fungu akauliza, "Kaka, hizi mnazipimaje?" Nikamwonyesha tepu. Hakuitumia sana. Alikuwa anapitisha kiganja juu ya ncha, na kila ilipozama kidogo anasimama, anapima. Akazitoa saba kati ya nane. Saruji alihesabu mara mbili, akaukuta mfuko ulioganda kwa kuubonyeza kona, kama anavyobonyeza mnunuzi wa parachichi. Muda ulimwishia kabla hajafika kwenye rangi.

Namba 58, kondakta, alimaliza na dakika zikabaki. Alizipata nondo zote, saruji zote, rangi pia, halafu akanirudishia hati: "Bosi, hii tarehe ni ya kesho." Kweli, tuliiandika kwa haraka Ijumaa, tarehe ikateleza.

Mambo mawili kwa anayetaka kuiga. Wasailiwa walipewa 5,000 ya nauli kila mmoja, na jaribio lilikuwa la mzigo wa mazoezi. Kumfanyisha mtu kazi ya kweli kutwa nzima kwa jina la usaili, kisha ukamwambia tutakupigia, huo ni wizi wa nguvu zake, na upo mjini hapa kuliko tunavyokiri.

## Jumanne, 11 Machi: Mahojiano

Watano waliobaki. Wasaili watatu: tajiri, mhasibu na mimi. Maswali yaleyale, mpangilio uleule, kila mtu na fomu yake.

Tulifanya mazoezi kwa wafanyakazi wetu wenyewe kwanza, na maswali mawili yakafa hapohapo. "Tueleze kuhusu wewe" ilileta historia kuanzia shule ya msingi. "Udhaifu wako ni upi?" ilileta jibu moja kutoka kwa kila mtu: napenda kazi kupita kiasi. Swali ambalo kila mtu ameshalikariri halipimi chochote.

Tuliyobaki nayo yote ni ya stoo. La kwanza naliandika lote pamoja na alama zake, maana ndilo lililotenganisha watu:

"Ni saa kumi na moja jioni. Gari limeshusha mzigo, hujauhesabu. Dereva anasema anawahi Shinyanga, anataka sahihi sasa hivi. Utafanya nini?"

Alama 1: natia sahihi, nitahesabu kesho. Alama 3: nakataa kutia sahihi. Alama 5: anatoa njia ya kutoka, kwa mfano kuhesabu pamoja na dereva, au kuandika "haijahesabiwa" juu ya hati na kumfanya dereva asaini chini yake, na kumpigia tajiri.

La pili lilimhusu tajiri mwenyewe, naye kakaa pale. "Mimi nimekuja na ndugu yangu, nakwambia mpe mifuko kumi, hati tutaandika baadaye." Watatu walijibu kwa haraka: wewe ndiye mwenye mali, nitatoa. Namba 58 alisema atatoa na ataandika kwenye leja yake pembeni. Namba 31 alikaa kimya kidogo, mikono imeshikana mapajani.

"Nitampa, mzee. Ila utaniandikia hapa kwanza, hata kwenye kipande cha karatasi. Mwisho wa mwezi mifuko kumi itakuwa imepungua kwangu, haitakuwa imepungua kwa ndugu yako."

Tajiri alicheka mpaka akavua miwani.

Sasa yaliyokwama. Tajiri ana desturi ya kumpokea kila mtu kwa "Mwangaluka", na anayeitikia kwa Kisukuma anaongezewa maongezi mawili matatu ya nyumbani. Ni ukarimu wa kweli, hana nia mbaya. Lakini mtu wa Kigoma na mtu wa Tanga wanakaa wamekauka, wakati wa Magu anaanza usaili akiwa ameshacheka. Mhasibu ndiye aliyemwambia, wakati wa mapumziko, kwa heshima zote: "Mzee, hizo salamu tuwape wote mwishoni." Akakubali.

Lililofuata lilikuwa gumu zaidi. Kwa binti mmoja alitoa swali nje ya fomu: "Na kuolewa je, unategemea lini?" Nilidakia na swali lililofuata kwenye orodha, na alipotoka tukazungumza. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya kabila, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, VVU, umri na mengine, na katika kifungu hicho mwombaji wa kazi anahesabiwa kama mfanyakazi. Tajiri alisema alikuwa anauliza kama baba. Namwamini, lakini binti hajui hilo, na mahakama haitalijua. Suluhisho lililofanya kazi ni dogo: tulimpa tajiri maswali mawili yawe yake, ayasome yeye, na aandike majibu. Mwenye kazi ya kuandika hapati nafasi ya kuchomekea.

Alama tuliziandika kila mtu kimya kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo. Bila hivyo, tajiri akisema "huyu kijana ameiva", mhasibu na mimi tunapanda naye. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walirudia kukokotoa zile hesabu za zamani za kina Schmidt, namba nyingi zikashuka, na mahojiano yaliyopangwa hivi, maswali yaleyale na vipimo vilivyoandikwa, ndiyo yakakaa juu ya orodha. Kuhesabu miaka ya uzoefu hakukusaidia kitu cha maana. Sisi tulikuwa tumeshaliona kwenye mchujo.

Jumla: 58 wa kwanza, 31 wa pili kwa tofauti ndogo. Mwenye shahada wa nne.

## Ijumaa, 14 Machi: Kuulizia walikotoka

Haraka. Barua za utambulisho zinasifu kila mtu, kwa hiyo tulipiga simu. Maswali matatu: alifanya kazi kwenu kuanzia lini mpaka lini, alishika nini, na ungepata nafasi ungemrudisha? La tatu usikilize ukimya kabla ya jibu. Wote wawili walipita. Kabla ya kupiga tuliwaomba ruhusa, kwa sababu wapo wanaotafuta kazi huku waajiri wao hawajui.

## Alhamisi, 20 Machi: Wa kwanza amekataa

Tulimwita namba 58, tukampongeza, tukamtajia mshahara: 450,000. Aliangalia chini, akasema kwa upole kwamba siku mbaya kwenye gari analala na 20,000. Siku ishirini na sita za namna hiyo ni 520,000. Alikuja akidhani duka kubwa kama hili litampita tajiri wake wa daladala. "Mngeniambia mapema, bosi, nisingewapotezea muda." Akashikana mikono na kila mtu, akaondoka.

Jaribio, mahojiano, simu, vyote vilikwenda kwa mtu ambaye asingekuja kama tangazo lingekuwa na tarakimu sita za mshahara. Tajiri alikasirika, kwanza kwa kijana, baadaye kwa jumla. Majirani tuliokuwa tunawaficha wamejua tayari, maana kondakta hana sababu ya kunyamaza.

Namba 31 tulimpigia mchana uleule na kumtajia mshahara kabla ya jambo lingine lolote. Yeye hakusema ndiyo. Aliuliza, "Mkononi inabaki ngapi?" Hilo ni swali zuri, na mwajiri mdogo anapaswa awe na jibu lake. Hesabu yetu: asilimia 10 ya NSSF kwa upande wake ni 45,000. Inabaki 405,000 ya kukatwa kodi, ambayo 270,000 za kwanza hazitozwi na 135,000 zinazozidi zinatozwa asilimia 8, yaani 10,800. Mkononi 394,200. Kwa upande wetu tunaongeza NSSF asilimia 10, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi asilimia 0.5, na tozo ya kuendeleza ufundi stadi asilimia 3.5 kwa kuwa tumefika wafanyakazi kumi. Anatugharimu 513,000 kwa mwezi.

Akaomba siku mbili. Jumamosi akakubali, kwa sharti moja: asifanye kazi Jumapili asubuhi, ana kwaya. Tumeliandika.

## Alhamisi, 3 Aprili: Kuanza

Sikukuu ya Idd imepita, ameanza leo. Mkataba umesainiwa kabla ya kushika ufunguo: kazi, mahali, saa, mshahara, likizo, yote kwa maandishi kama sheria inavyotaka. Muda wa majaribio ni miezi sita. Kanuni zinaruhusu hadi kumi na miwili, lakini tukishindwa kumjua mtu kwa miezi sita tatizo litakuwa kwetu.

Kwa kuwa wa kwanza alikataa, mzee amekubali kubaki nusu mwezi zaidi. Hii ilizaa tatizo ambalo hatukuliwaza: watu wawili, stoo moja. Mzigo ukipungua wiki hizi, ni wa nani? Tumesimamisha mauzo ya jumla nusu siku, wawili hao wamehesabu stoo yote pamoja, ncha kwa ncha, wametia sahihi kila ukurasa. Kuanzia hapo ufunguo ni wa mama huyu na mzee ni mwalimu tu, hagusi leja. Siku ya kwanza alimpa kipande cha chaki.

Waliokosa wametumiwa ujumbe, wote 72 tuliokuwa bado hatujawajibu: "Habari. Asante kwa kuomba kazi ya mtunza stoo. Nafasi imepata mtu. Barua yako itachomwa tarehe 30 Aprili. Ukiitaka njoo uichukue kabla ya hapo." Wengi walijibu asante. Kadhaa walisema ni mara ya kwanza kujibiwa. Mwenye shahada aliuliza alikosea wapi, nikamsomea alama zake za jaribio kwenye simu. Kimya, kisha: "Nilijua nondo zinauzwa kwa tani." Zinauzwa kwa tani, ndiyo.

Gharama mpaka leo: uchapaji na nakala 18,000, laini na vocha 7,000, nauli za jaribio 40,000, nauli za mahojiano 25,000, vibarua 30,000, maji na chai kwa wasiofunga 12,000. Jumla 132,000. Ongeza 225,000 za nusu mwezi wa mzee, ambazo sehemu kubwa ni bei ya kuficha mshahara. Inakuwa 357,000.

## Jumamosi, 5 Julai: Hesabu ya kwanza ya stoo

Nondo, pungufu ya vipande viwili kwenye saizi zote. Saruji sawasawa. Rangi, pungufu ya madebe manne, na hapo ndipo tajiri alipokunja uso. Mtunza stoo hakujitetea. Alifungua leja, akaanza kurudi nyuma ukurasa kwa ukurasa mbele yetu. Madebe yaligunduliwa kwenye rafu ya kaunta: wateja waliyarudisha kubadilisha rangi, karani akayapokea, na fomu yetu haina mahali pa kuandika mzigo uliorudishwa. Haikuwa nayo hata enzi za mzee. Yeye alikuwa anakumbuka kichwani. Sasa ipo, rangi ya njano, na debe haliingii tena ndani bila hiyo fomu.

Kinachotusumbua ni kasi. Kuanzia saa moja na nusu hadi saa tatu asubuhi mafundi wanajipanga na pikipiki na guta zao, na yeye anahesabu kila kitu. Mwezi Mei wawili walihama kwenda duka la jirani. Tajiri alitaka aambiwe aharakishe. Nilimwomba tungoje, tukaangalia foleni yenyewe: oda nyingi zilikuwa zimelipiwa jana yake mchana. Sasa zinapangwa jioni, zinafungwa kamba na kuandikwa jina, asubuhi ni kuhesabu mara ya mwisho na kutoa. Foleni imepungua, ingawa Jumatatu bado ni vurugu.

Jaribio letu halikupima hilo. Lilipima mtu mmoja, mzigo mmoja, pametulia. Kwenye jaribio lijalo atakuwepo mteja wa kuigiza anayepiga kelele mlangoni na simu inayoita, na muda utakuwa uleule.

Lijalo lenyewe liko karibu, kwa kuwa dereva wa kenta ametoa notisi. Tangazo litabandikwa baada ya Sabasaba. Mstari wa kwanza: hatupokei hela ya fomu, ya usaili wala ya nafasi. Mstari wa pili ni mshahara, na umeandikwa na tajiri kwa mkono wake.